Kocha wa mkwe wangu

Mwenzangu, unaongea na meneja wa timu ya besiboli. Timu yenyewe imo ndani ya mchezo kwenye kompyuta ya mkwe wangu.

Meneja alikuwa yeye, mimi kocha wake wa warushaji, wale wanaomrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Kazi yangu kumwambia nani kachoka, basi. Sifa zote zake.

Leo fainali. Nikamwambia, mwache yule mrushaji mkongwe, mkono bado mzima. Mzima wapi! Alama nyekundu ya uchovu naiona inawaka.

Tukachapwa vibaya. Kompyuta ikamfukuza palepale, umeneja ikanipa mimi. Mimi, mwenzangu.

"Mama, si ulisema hajachoka?"

"Sikuona vizuri, baba. Miwani nimeisahau chumbani."

Akanitazama usoni kwa adabu zote za mkwe.

"Na hiyo uliyovaa, Mama?"