Hatua Nilizomwongezea Mdachi

Marahaba, Chilewa. Hapa Mkonze tu wazima, uwele umeshaingia ghalani, na bibi yako bado anagombana na yule mbuzi mweusi.

Unauliza kama kweli yule Mdachi niliyekuwa nikimsomea nyayo za wanyama alimwangusha pofu, yule swala mkubwa, kwa risasi kutoka hatua mia nne. Hatua nilizipima mimi. Zilikuwa mia na ishirini. Lakini alinitazama kwa hamu, nami nikaona ni adabu kumwongezea, kama tunavyomjazia mgeni kibuyu cha pombe mpaka kimwagike.

Kumbe aliniamini. Kesho yake tukaona pofu mwingine, mbali kweli. Nikamwambia, "Bwana, tusogee."

Akacheka. "Jana si ulipima mwenyewe?"

Risasi ikavunja taya, mnyama akakimbia.

Kwetu, aliyejeruhi hufuata damu mpaka amalize. Bwana alirudi hemani kuandika habari za jana. Damu niliifuata mimi. Siku ya pili nilimkuta pofu kasimama kwenye maji, hawezi kunywa. Nilipommaliza, kati yetu zilikuwa hatua kumi.

Ukisimulia huko, hizo usiziongeze.

Babu yako