Meno Tisa ya Gurudumu

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima umejifunika mpaka miguuni. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshajitafutia kisingizio.

Huu ni mwaka wa tatu mimi na Zakayo tunajifunza ufundi kwenye karakana ya misheni, chini ya Mdachi tunayemwita Bwana Fundi. Kwa kupima na kuchora, hakuna anayenishinda. Na sisomi ili nikatengeneze milango ya bomani. Nataka kinu changu cha kusagia kwa nguvu ya maji, watu wa Ngaramtoni walete mahindi na ulezi, niitwe mwenye kinu.

Kinu nimekichora mimi. Ila Zakayo ndiye aliyekwenda kwa Mhindi mwenye duka, akaongea naye mpaka mzee wa watu akakubali kutoa mawe ya kusagia na mhimili wa chuma. Sasa hata akina mama sokoni wanauliza, "Kinu cha Zakayo kinaanza lini?"

Cha Zakayo!

Jana alinijia na karatasi. "Ndugu yangu, nipigie hesabu ya meno ya gurudumu dogo. Mimi na namba hatuivi chungu kimoja."

Nilijua ni kumi na mawili. Nikamwambia tisa. Kwa meno tisa, lisingeshikana na gurudumu kubwa; yangegongana na kuvunjika siku ya kwanza, mbele ya watu wote. Nilitaka wamwone akiumbuka.

Nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha.

Asubuhi nimemkuta amepiga magoti kwenye maranda. Gogo ni la mringaringa, baba yake alikuwa amelitunza kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Meno saba yalikuwa tayari, anachonga la nane huku akiimba. Sijui nini kilinifungua mdomo.

"Acha, Zakayo. Si tisa. Ni kumi na mawili."

Akanitazama. "Ulikosea, au ulinikosesha?"

"Nilikukosesha."

Akaweka patasi chini. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akasema tu, "Mara tatu nilikuita twende wote kwa Mhindi. Mara tatu ukasema unamalizia mchoro."

Ni kweli. Niliogopa kuongea. Nilitaka biashara inifuate nilipokaa.

Mara Bwana Fundi akaingia, akaliona gurudumu limewekwa kando, akauliza kuna nini.

"Gogo lina ufa, Bwana," Zakayo akajibu, bila kunigeukia.

Hapo wivu ukanichoma kuliko siku zote. Hata kusamehe ananishinda!

Alasiri tumepasua gogo jingine, yeye upande huu wa msumeno, mimi ule.

"Kesho tunakwenda dukani," akasema. "Utaongea wewe. Mwambie mzee kwa nini kinu kitachelewa."

"Nimwambie nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Nimekaa na swali hilo tangu wakati ule. Nikisema gogo lilikuwa na ufa, nitatoka pale na heshima yangu. Nikisema kweli, huenda Mhindi asinitake tena karibu na mawe yake. Wivu haujaniondoka, siwezi kuidanganya karatasi.

Lakini nitakwenda nao hivyo hivyo, na nitaanza kwa kusema, "Mzee, kosa ni langu."