Vikombe Kumi na Vinne, Watu Wanane

Chumba cha Kufulia,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Pasi (suruali ya Baba uliyoiunguza hatujaisahau),

Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa? Unakula vizuri, au bado unajidanganya kwa chai kavu? Sisi wazima. Mama goti linamuuma kukiwa na baridi, lakini mdomo hauumi, anatusema tangu asubuhi.

Sasa kaa chini. Umekaa? Tumeshinda, mdogo wangu! Kazi ya kufua shuka za hospitali ni yetu! Mkataba umesainiwa jana.

Unakumbuka siku ulipoomba kazi hapa, Baba Mdogo akakuonyesha rafu ya vikombe vya chai? Kila mfanyakazi na kikombe chake. Akavihesabu, kumi na vinne, akasema tumejaa, nafasi hakuna. Ukafunga begi ukaenda kubeba mizigo kwenye maghala ya watu. Mimi roho iliniuma, na Mama ndiyo usiseme.

Basi mwezi uliopita akaja mama mmoja wa hospitali kutukagua. Akauliza tuna wafanyakazi wangapi. Baba Mdogo akatanua kifua: "Kumi na wanne!" Yule mama akatazama huku na huku, akaona watu sita tu kwenye mashine. Akaniomba ratiba ya zamu, maana ndiyo kazi yangu. Akasema wao hawahesabu vichwa, wanahesabu saa. Unajumlisha saa za wote kwa wiki, kisha unagawa kwa saa arobaini, ambazo ni za mtu mmoja anayefanya kazi kutwa, wiki nzima.

Nikashika kalamu. Wa kutwa wako wanne, Baba Mdogo mwenyewe akiwemo, saa arobaini kila mmoja, ni mia moja sitini. Wa nusu siku sita, akiwemo Shangazi, saa ishirini ishirini, ni mia moja ishirini. Wale wanne wa mwisho wa wiki, saa kumi kumi, arobaini. Jumla mia tatu na ishirini. Gawa kwa arobaini: wanane! Vikombe kumi na vinne, nguvu ya watu wanane tu! Kumbe ndiyo maana kila Ijumaa tunachelewesha nguo za wateja, halafu tunatafutana mchawi bure.

Lo, ungekuwepo! Baba Mdogo alifura. "Umeninyang'anya watu sita!" Shangazi aliposikia anahesabiwa nusu, akashika kiuno: "Mimi nusu? Na mwili wote huu?" Tulicheka mpaka machozi, na yule mama wa hospitali pia. Nikamweleza Shangazi kwamba zinazohesabiwa ni saa zake, si yeye, na kwamba wawili kama yeye wanafanya kazi ya mmoja wa kutwa. Alinielewa, ila sasa wanamwita Bibi Nusu, na anaitika.

Lakini hospitali ilitaka nguvu ya watu tisa. Wa nusu siku hawawezi kuongeza saa, wana watoto na wagonjwa nyumbani. Baba Mdogo akaleta ujanja wake: eti yeye anafanya kazi saa sitini, kwa hiyo ahesabiwe mtu mmoja na nusu, angalau tusogee. Yule mama hakumpa hata nafasi ya kumaliza. "Mzee, hata ukilala hapa, wewe ni mmoja tu."

Jana wakati wa kusaini yule mama akauliza, "Haya, huyo wa tisa, wa saa arobaini, ni nani?" Mimi nikajifanya napanga karatasi. Baba Mdogo akakuna kichwa, akanitazama, akatazama ile rafu. Halafu akataja jina lako, na la Baba, na la Babu, yote matatu, kwa sauti ya juu. Nilitaka kuruka, nikajizuia kwa sababu ya mgeni. Alipoondoka nikaruka.

Kwa hiyo acha hayo maghala, rudi nyumbani. Tunaanza mwezi ujao, na bila wewe tunabaki wanane na mkataba unavunjika. Sikutishi, nakuambia ukweli. Tena nimekukumbuka sana, we mtoto.

Baba anakusalimu, anasema suruali zake utazikuta zimefichwa. Mama kitanda chako ameshakitandika. Shangazi Bibi Nusu anakusalimu kwa mwili wote. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Na Baba Mdogo hakutuma salamu. Jana jioni alitoka bila kuaga, akarudi na kikombe cha bluu, kikubwa kuliko vyote. Akakiosha mwenyewe, akakiweka kwenye rafu, karibu na chake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiunguza,
Mwenye Ratiba