Siku Wavu Ulipokuangukia, Baba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia kwa mwandiko huuhuu uliokuwa ukiukemea, na safari hii naandika mbele ya watu. Najua jambo lenyewe ni la aibu. Kabla sijamaliza nitakueleza ni nani aliyenipa ruhusa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, ulipokubali hatimaye kuja kunitembelea Guangzhou, huku Uchina. Mama alikuwa amekusukuma sana. Ulishuka kwenye ndege na suti ya kijivu, kofia ya vitobo iliyopigwa pasi, na viatu vinavyong'aa utadhani unakwenda kukagua paredi ya wanafunzi. Miaka yote uliyokuwa mwalimu mkuu pale Kikwajuni, mtoto aliyefika shule na kola chafu ulimrudisha nyumbani. Mimi mwanao ulinirudisha zaidi ya wengine. Nilipokuona uwanjani niliangalia kucha zangu kwanza, ndipo nikakupa mkono.

Wakati ule nilikuwa nikinunua suruali za jinzi katika mji wa Xintang na kuzipakia kontena kwenda Dar na Unguja. Mwenye karakana niliyemtegemea alikuwa Bwana Lau, mtu mfupi, mcheshi, anayevuta sigara mfululizo. Aliposikia baba yangu amekuja, alisema mgeni wa heshima hakai mjini kutazama magari. Atatuchukua Jumamosi na Jumapili kwenye vilima vya kijiji chao, kaskazini ya Zengcheng, tukawinde kwale. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na wavu na mbwa.

Nilikutafsiria nikitegemea utakataa. Ukauliza, "Wavu? Basi ndege anakamatwa hai?" Nikasema ndiyo. Ukafurahi. Ndege aliye hai huchinjwa, na ndege aliyechinjwa huliwa. Ukaniambia kwamba utotoni, kwa babu yako Makunduchi, mlikuwa mkitega kwale kwa vitanzi vya nyuzi za mnazi. Sikuwahi kukusikia ukitaja utoto wako. Nilidhani ulizaliwa na chaki mkononi.

Mbwa ndiye aliyekupa taabu. Alikuwa mweupe mwenye madoadoa ya kahawia, ameletwa kutoka Hong Kong, na jina lake lilikuwa Fa. Lau alinieleza kuwa kwa lugha yao ni ua, na pia ni kitu chenye madoa. Wewe hukuridhika. "Jina gani hilo," ulisema, "kumwita kiumbe wa Mungu na huku unamwambia afe?" Ukanitaka nikae katikati yenu kwenye pikapu, mate yake yasikuguse. Nikakaa katikati, yeye ananihemea shingoni kushoto, wewe umekunja koti lako kulia.

Lakini mchana ule ule ulimpenda, usibishe. Tulipopanda kilima cha kwanza, nyasi zimekauka kwa baridi, Fa alikuwa akikimbia mbele huku na huku kama mtoto aliyefunguliwa shule. Mara akasimama. Mguu mmoja wa mbele juu, pua mbele, mkia umenyooka, hatikisiki hata sikio. Lau akatunyamazisha kwa mkono. Akanipa ncha moja ya wavu, yeye akashika nyingine, tukanyata, tukapita na wavu juu ya mbwa mwenyewe hadi juu ya kichaka mbele yake. Fa akalala chini, wavu ukapita mgongoni mwake, na ndani ya nyasi zikalipuka mbawa. Kwale wawili. Ulisema taratibu, kama mtu anayemsifu mwanafunzi na hataki asikie, "Huyu ana adabu. Amemwona, na hakumgusa."

Ukachinja kwa mkono wako, ukaelekea upande niliokuonyesha kwa dira. Lau alisimama pembeni ameshika sigara isiyowashwa mpaka ulipomaliza kusoma. Tokea hapo akawa anakuita "Muzei", neno nililomfundisha njiani.

Asubuhi ya Jumapili mke wa Lau alikuletea bakuli la chai nyeusi ya mizizi, chungu kama shubiri. Mimi nilitafsiri alivyosema, kwamba inasafisha mwili na ni nzuri kwa mwenye sukari. Ulikunja uso, ukanywa. Akakujazia tena. Nikakwambia si lazima, ukanijibu kwamba kwa watu hakukataliwi mara mbili. Ukamaliza.

Tukapanda kilima cha pili, ukungu umekaa juu ya mashamba ya ngazi yaliyoachwa, nyasi zinatupita vichwa. Wewe ulikuwa nyuma. Nakumbuka ulisimama mara moja, ukashika tumbo. Nikakuuliza kama u mzima, ukasema ni magoti tu, tangulieni. Tukatangulia. Baadaye niligeuka nisikuone. Niliita, "Baba!" Kimya. Niliita tena. Lau akasema labda umerudi kwenye gari kupumzika, naye akaendelea kumwita mbwa wake aliyekuwa amepotea ndani ya majani: "Fa! Fa!" Sauti yake ilizunguka vilimani.

Tukamwona Fa chini ya tuta la shamba, amesimama vilevile, mguu juu, pua mbele. Lau akatabasamu. Alinionyesha kwa vidole kuwa mbele yake lazima pana kundi zima. Tukachukua ncha za wavu, tukanyata, tukarusha.

Hakuna mbawa zilizolipuka. Nyasi zilitikisika kidogo, na kutoka chini ya wavu sauti ikasema, "Ni mimi."

Baba, sijui niandike vipi. Ulikuwa umeteleza kwenye tuta ukitafuta pa kujistiri, kifundo cha mguu kimevimba, na tumbo halikukusubiri. Kofia imeanguka matopeni. Suruali ya suti ya kijivu, Baba. Ulikuwa umejikunja, mikono umeiweka usoni, na wavu umekufunika wote, na Fa yuko hatua chache anakutazama bila kukugusa. Nilielewa hapo hapo kwamba ulinisikia nikiita. Ulikuwa karibu mno, usingekosa kunisikia. Ulichagua kunyamaza kuliko kuonekana.

Nilitupa wavu kando, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono.

"Geuka," ulisema.

Nikasema, "Baba, niache nikusaidie."

"Nimesema geuka, mwanangu. Huyu mgeni atakwenda zake na dunia yake. Wewe nitakuona kila siku."

Nikageuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na niligeuka kama siku zile ulipokuwa ukitusimamisha nyuso ukutani. Mbele yangu kulikuwa na ukungu na mashamba yaliyokufa. Nyuma yangu nilisikia Lau akitupa sigara. Alishuka kwenye kijito akachota maji kwa themosi yake, akarudi, akashuka tena, akarudi. Nilisikia kitambaa kikichanika, na sikujua mpaka baadaye kwamba ni fulana yake mwenyewe. Alikuwa akisema Kikantoni, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nawe ulikuwa ukimjibu kwa Kiswahili. "Ahsante, ndugu yangu. Hapo panauma. Mungu akulipe." Siku mbili nzima nilikuwa mdomo wenu, hakuna neno lililopita bila mimi. Sasa hamkunihitaji.

Kisha nikasikia unalia. Baba, sikuwahi kusikia ukilia, hata alipokufa bibi. Nilikaza macho kwenye ukungu. Aibu ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Nilikuonea wewe aibu, nikaona aibu kwamba nakuonea, halafu nikaona aibu kwamba mkono uliokuosha si wangu.

Lau alipokwisha aliniita kwa jina. Ulikuwa umevaa suruali yake ya akiba ya jinzi, imeishia juu ya vifundo, na koti lake. Tukakushusha, wewe katikati, mikono mabegani mwetu. Ndani ya pikapu Fa aliruka akalala sakafuni, akaweka kichwa juu ya viatu vyako. Nilingoja uondoe miguu. Hukuiondoa. "Nguo hufuliwa," ulisema, ukatazama dirishani mpaka mjini. Hayo ndiyo maneno yako pekee safari nzima.

Nyumbani kwangu uliingia bafuni, ukaomba udongo safi wa kuondolea najisi ya mbwa, na mimi nikachimba kwenye chungu cha maua cha jirani. Ulipotoka ulikuwa umevaa kanzu, umechana ndevu, umerudi kuwa mwalimu mkuu. Nikakuuliza utakula nini. Ukasema chochote. Nikafungua televisheni tusiyoielewa sote wawili, tukaitazama.

Nilijiambia hiyo ndiyo heshima. Mwana hamfedhehi baba yake kwa kumkumbusha. Siku zilizofuata nilikuwa nakutazama begani badala ya usoni. Nilirudi nyumbani nikiwa na watu, ili tusibaki wawili. Ukaniambia umemkumbuka mama, nikakubadilishia tiketi siku ileile, haraka kuliko nilivyowahi kumfanyia mteja yeyote. Uwanjani ulinishika mkono muda mrefu. Ulifungua mdomo, nami nikakuhimiza kwamba foleni inakwenda.

Tukawa tunaongea kwa simu. Kila mara, baada ya salamu na afya, ulikuwa ukiuliza, "Na yule mbwa wa rafiki yako hajambo?" Na kila mara nilijibu hajambo, nikahamia kwenye bei ya kontena au hali ya hewa. Niliona unajitahidi kujifanya hujali, nikakuonea huruma. Nilidhani nakusitiri.

Ukafariki. Nilifika Unguja umeshazikwa. Jioni ya hitma nilimkuta mama jikoni peke yake, nikaona huyu naye ana haki ya kujua kwa nini ulirudi mapema. Nilianza kwa kuzungukazunguka. Mama akanitazama.

"Habari ya wavu?" akasema. "Alinihadithia hata begi hajalifungua."

Nilikaa kwenye mbuzi ya nazi. Mama akaendelea. Kumbe ulimwambia yeye, kisha ukawaambia wenzako wa barazani, kisha msikitini. Ulikuwa ukiwaigiza Lau anavyonyata. Ulikuwa ukiwaambia ulilala majanini unajiombea Mungu akufiche, na huku mtu anapiga kelele vilima vyote, "Fa! Fa!", ukadhani Mungu amejibu dua yako kupita kiasi. Watu wazima walikuwa wakilia kwa kucheka. Halafu, mama alisema, ulikuwa ukiwaambia kwamba umefundisha usafi maisha yako yote, na aliyekuonyesha maana yake ni mvuta sigara mmoja aliyekuosha na hakuziba pua.

Nikamuuliza mama kwa nini hakuna hata mmoja aliyenitajia.

"Alitukataza," akasema. "Alisema, mwanangu yule ameona haya kuliko mimi. Msimguse mpaka aseme mwenyewe. Nimemtega kwenye simu, hasemi."

Basi ruhusa ya kuandika hadharani nimeipata kwako, Baba. Ulikwisha kulisimulia mtaa mzima. Aliyekuwa akificha nilikuwa mimi, nikificha kitu kisichokuwa na mwenyewe, na kwa ajili hiyo nikakunyima mazungumzo ya mwisho ambayo tungeweza kuwa nayo. Ile aibu ya kilimani imekwisha zamani. Iliyobaki ni ya simu. Nikisikia mtu anaongea na baba yake mbele yangu, anamkatiza kwa sababu ana haraka, natoka nje.

Lau nilimwambia kwamba umefariki. Alifunga karakana yake siku nzima, mashine zote kimya. Aliniuliza kama kwenu mna desturi ya kuchoma ubani. Nikasema tunayo, akaomba nikuchomee kwa niaba yake, nikakuchomea.

Jana nimewakusanya wanangu, nikawahadithia yote, tangu chai mpaka pikapu. Nimejaribu kuigiza kunyata, wewe ungenisahihisha. Walicheka vizuri. Yule mdogo, ambaye uliondoka hajazaliwa na aliyechukua jina lako, akauliza kama kweli babu alilia. Nikamwambia ndiyo, alilia. Kisha akauliza kama na mimi nililia.

Nikamwambia nilikuwa nimewapa mgongo, hakuna aliyeniona.

Mungu akuweke pema, Baba. Unisamehe kwa kuchelewa kuzungumza.

Ni mimi, mwanao