Alama za Wino

Jumatatu, 5 Juni

Nimeshindwa.

Saa nne asubuhi niliitwa. Nikavua sweta na blauzi, nikalala kwenye kile kitanda chembamba, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kasonde — binti anayeendesha mashine — akanipanga kwa kufuata alama za wino alizonichora Alhamisi, pale lilipokuwa titi la kushoto. Akasema nisisogee. Kisha wakatoka wote. Mlango mzito ukajifunga, nikabaki mimi na lile dude linalonguruma juu yangu.

Nikainuka. Mionzi yenyewe ilikuwa haijaanza! Nilikaa kitako nimejikumbatia kifua, nikipiga kelele wanifungulie. Mimi. Miaka thelathini na moja ya ukunga.

Kasonde alisema pole mama, wengi huwa hivyo siku ya kwanza, njoo kesho. Nikarudi hosteli ya wagonjwa hapa Lusaka. Mwenzangu wa chumba, Bina Choolwe, akauliza mambo yamekwendaje. Nikamwambia safi, ni kama kupigwa picha.

Kwenye fomu ya hosteli nimejaza kazi: mkulima. Afadhali. Wangejua ni nesi anayelia vile, ningejificha wapi?


Jumanne, 6 Juni

Tena. Leo nilihesabu mpaka saba baada ya mlango kufungwa.

Daktari alitaka kunipa kidonge cha kutuliza wasiwasi. Nimekataa. Vidonge vile nilikuwa nawapa wanawake wasumbufu wodini. Mimi si msumbufu.

Najua kinachonisumbua. Ni marehemu Sista Likando, nesi mwenzangu. Mwaka 2004 alirudi kutoka kupigwa mionzi, shingo yake imebabuka, nami ndiye niliyekuwa nikimsafisha kidonda kila asubuhi. Wananiambia mashine za sasa si zile. Nimeelewa. Kichwa kimeelewa, miguu haijaelewa.

Mwanangu Mubita amepiga simu kutoka nyumbani, Mongu. Nimemwambia nimeshapata mara mbili, zimebaki kumi na tatu. Akasema hajaona mama jasiri kama mimi. Nikapokea sifa.

Bina Choolwe naye hanipi nafasi. Yeye ni Mtonga, mimi Mlozi, kwa hiyo utani ni haki yake. Anauza dagaa Sinazongwe, ana saratani ya mlango wa kizazi, na ameshapata mionzi mara ishirini na mbili bila kukosa. Leo ameniuliza kama niliipigia mashine magoti na makofi, kama tunavyomwamkia mfalme wetu. Labda ndiyo sababu imenipenda, anasema.

Nilicheka. Nadhani nilicheka.


Jumatano, 7 Juni

Nimefanya kitu.

Alfajiri niliingia bafuni kabla wengine hawajaamka. Maji baridi ya Juni, yanauma mpaka kwenye mifupa. Nikachukua sabuni ya kufulia na dodoki, nikazisugua zile alama. Tuliambiwa tusizifute hata kwa bahati mbaya. Nilisugua mpaka ngozi ikawaka. Msalaba wa katikati ndio uliogoma. Nikaurudia.

Bila alama hawawezi kukupiga mionzi. Ndiyo hesabu niliyopiga.

Kasonde alinifunua. Akauliza zimekwenda wapi. Nikasema jasho. Akaangalia dirishani, watu wote nje wana makoti. Akauliza tena, kwa upole. Basi nikasema ni mafuta. Mafuta gani? Nikasema mwenzangu wa chumba alinipa, ati yanapoza ngozi.

Yalitoka hivyo tu mdomoni. Sikujikwaa hata neno moja.

Alikasirika, lakini si kwangu. Kuchorwa upya ni Ijumaa, na nafasi ya Ijumaa ilikuwa ya mzee mmoja wa Chipata mwenye uvimbe shingoni. Walimwambia palepale kwenye benchi kuwa amesogezwa wiki ijayo. Akasema haya. Akainama, akaokota begi lake, akaondoka. Alipita mbele yangu na kunisalimu.


Alhamisi, 8 Juni

Sijui naanzia wapi.

Saa nane Kasonde alikuja hosteli, akatukusanya barazani. Akaeleza tena habari ya alama. Mafuta marufuku, dawa za majani marufuku. Halafu akamgeukia Bina Choolwe mbele ya wote. Akamwambia wewe mama si daktari, umemharibia mwenzako wiki nzima, na kuna mzee amekosa nafasi kwa ajili yako. Bina Choolwe ana umri wa kumzaa. Wanawake wote wakamtazama.

Yeye akanitazama mimi. Mara moja tu.

Ningeweza kusema. Maneno mawili tu, "nilizifuta mwenyewe." Nikatazama ukuta.

Akamjibu Kasonde:

"Nimesikia, mwanangu. Halitatokea tena."

Jioni akasonga nshima, akakaanga dagaa kwa nyanya. Akagawa sawasawa kama kila siku. Hakunitania. Nilikula. Aliuliza kama niongezewe, nikasema ndiyo. Nikaongezewa, nikala zote.


Ijumaa, 9 Juni

Nimechorwa upya. Kasonde ameweka na plasta angavu juu ya kila alama. Ananionea huruma, masikini. Naanza Jumatatu.

Nikiwa natoka, kwenye korido kulikuwa na mwanamke kijana amekaa sakafuni analia, hataki kuingia. Nesi amemsimamia. Nesi akamwambia: "Mama, usitupotezee muda. Nyanyuka." Sauti ile! Nilisimama kama niliyeitwa jina langu. Ni sauti yangu. Maneno yangu, pumzi yangu, hata ile mikono kiunoni.

Nosiku. Sijamfikiria tangu mwaka gani sijui. Kliniki yetu kule Kalabo, 1998, msimu wa mafuriko. Kasichana ka miaka kumi na saba, mimba ya kwanza, hakatulii kitandani, kanapanda kanashuka, kanamwita mama yake. Nilikuwa na wengine wawili na sikuwa nimelala tangu jana yake. Nikamzaba kofi la paja, halafu la pili. Nikamwambia, ulipokuwa unaitafuta hukulia. Akanyamaza. Mtoto akatoka salama. Nikaandika kwenye kitabu: kujifungua kwa kawaida.

Wala si yeye peke yake. Yeye ndiye ninayemkumbuka jina.

Baadaye nikimkuta sokoni alikuwa akipiga magoti vumbini, anapiga makofi kunisalimu, mtoto mgongoni. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu, mnaona, ukiwa mkali watu wanakuheshimu. Leo nimekaa kitandani na kujiuliza kama ile ilikuwa heshima. Nimejua jibu kabla sijamaliza kuuliza.

Kama mtu angenizaba kofi Jumatatu iliyopita pale kitandani — nisingeinuka tena. Ningekaa kimya. Wangeandika: mgonjwa ametulia.


Jumamosi, 10 Juni

Wikiendi hakuna mionzi. Tulikuwa tunafua nyuma ya hosteli, mimi na Bina Choolwe, beseni moja. Nikamwambia. Sikupanga. Nilikuwa nakamua kitenge, nikasema ni mimi niliyezifuta zile alama, kisha nikakusingizia wewe. Na kwamba sijapata mionzi hata mara moja.

Akaendelea kusuuza.

"Najua," akasema. "Nilikuwa naamka kwenda chooni. Ulivyokuwa unasugua mle bafuni, nikadhani Mlozi anafua godoro."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale barazani. Akasema wangenirudisha Mongu, wangesema mtu huyu hataki tiba. Kisha akasema:

"Mimi nimezoea kugombezwa na manesi, Sista. Tangu mtoto wa kwanza. Wewe ungekufa."

Sista. Nikamuuliza nani amemwambia. Hakuna aliyemwambia. Siku ya kwanza tu aliniona natandika, zile pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. Anasema hakuna mkulima duniani anayetandika vile.

Nikataka kumpigia magoti. Akanishika mkono wenye povu, akaniambia nisimchafulie nguo. Nami nikabaki nimeinama nusu, sijui niende chini au nirudi juu. Akasema jambo moja tu: yeye ameshanisikia, lakini Kasonde hajanisikia, wala wale wa barazani. Hakulisema kwa ukali. Kisha akaanika nguo zake upande mmoja wa kamba, akaniachia upande wa pili.


Jumapili, 11 Juni

Nimempigia Mubita. Nimemwambia bado sijaanza.

Akauliza, basi zile mbili? Nikasema hazikuwapo. Akauliza kama nataka aje. Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo. Anapanda basi kesho.

Sikwenda kanisani.


Jumatatu, 12 Juni

Naandikia magotini, kwenye benchi.

Nimesema. Saa mbili na nusu, Kasonde alipotoka na orodha. Nikasimama mbele ya benchi zima, wale wa barazani karibu wote wapo. Nikasema mafuta hayakuwapo. Mama huyu hakunipa kitu. Nilizifuta mwenyewe kwa sababu naogopa, na nilimsingizia. Na mimi si mkulima, ni mkunga.

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Mtu mmoja kule nyuma alicheka. Mwingine akasema, kumbe hata manesi. Kasonde alinitazama mpaka nikatamani anigombeze. Akasema jina langu litakwenda mwisho wa orodha, maana yule mzee wa Chipata ameletwa leo, yeye kwanza. Nikasema sawa. Akamwendea Bina Choolwe, akaongea naye chini, akiwa amechuchumaa. Sikusikia walichosema.

Nimeomba kile kidonge. Nimekimeza mbele ya kila mtu.

Sasa nimekaa na Bina Choolwe. Kumbe leo kwake si mashine yetu. Amemaliza ile, leo anaanza mionzi ya ndani, mlango wa pili, ile ya kuingiziwa chombo. Alikuwa hajaniambia. Nimeona mikono yake, anaifungua na kuifunga kanga ya kiunoni, anaifungua, anaifunga. Mtani wangu huyu aliyekwenda siku zote bila kukosa.

Akaniuliza bila kunitazama:

"Sista. Kile chombo kinauma?"

Nina jibu la swali hilo, nimelitumia miaka thelathini na moja. Hakiumi, lala, panua miguu, usinisumbue. Lilikuja mpaka kwenye meno.

Nikamwambia:

"Kinauma. Waombe dawa ya maumivu sasa hivi, kabla hawajaanza. Usingoje mpaka uzidiwe. Na ukitaka kulia, lia."

Akaniomba nimwendee nesi, nikamwendea, nikamwombea dawa. Nesi akauliza wewe ni nani yake. Nikasema tunalala chumba kimoja. Dawa imeletwa. Amekunywa.

Walipomwita, akavua viatu vyake, raba za bluu, ya kulia imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Akavisogeza kwenye miguu yangu. Akasema nivichunge, hapa Lusaka hata kiatu kimoja kinaibiwa. Akaingia, soksi zake zimetoboka visiginoni. Mlango ukafungwa.

Ninamsikia. Analia kwa Kitonga, kwa sauti, na hakuna anayemwambia anyamaze.

Mzee wa Chipata ametoka. Mbele yangu wamebaki wanne. Kidonge hakijafanya chochote. Kutoka hapa hadi mlango wa nje ni hatua kumi na tano, nimeshazihesabu mara mbili. Mlango umeachwa wazi na baridi inaingia, sakafu imekuwa kama barafu.

Sasa watatu. Nikiondoka, atatoka bila viatu.