Ala Aliyoishona Bibi

Jumanne, 12 Agosti 2025

Shemeji Masoudi kaja tena hapa Chiola. Arobaini ya mume wangu imepita juzi tu, na mikorosho ameshachukua. Leo anataka kisu changu cha kale, kile chenye ala ya shanga. Eti kuna jamaa wa Dar anakusanya vitu vya zamani, kaona picha kwenye simu, anauliza kimetoka wapi. Masoudi kamjibu: cha ukoo wetu Wamwera, babu alikifua mwenyewe.

Nikamwambia nilikipata kwa mama yangu. Akacheka. Mwanamke wa Kiyao na kisu kama kile, wapi na wapi?

Sitoi.

Alhamisi, 14 Agosti

Malolo, kwa mama mdogo Mwanabibi. Macho hayaoni vizuri siku hizi, lakini vidole! Akapapasa shanga za ala, akatabasamu.

"Bibi yako huyu. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Ona mshono ulivyolala."

Kweli, mishono yote imelala upande wa pili. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kisha akachomoa kisu, akagusa alama karibu na mpini. Akanisimulia. Kumbe alama ni ya mhunzi Habibu — babu yake Masoudi! Mwaka wa njaa bibi aliwalisha watoto wa Habibu. Naye akamfulia kisu, kumshukuru. Bibi akakishonea ala.

Kwa hiyo Masoudi hakudanganya yote. Hilo limeniuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Nikiificha ile alama nani atajua? Hapana. Nitasema yote. Halafu tuone.

Jumatatu, 18 Agosti

Kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Adinani. Nimesema yote, na alama nimeonyesha. Masoudi akadakia: basi, ala abaki nayo, kisu nipeni.

Nikamuuliza, "Shemeji, babu yako alitoa au aliazimisha?"

Akamgeukia mwenyekiti. Nikaendelea:

"Mikorosho ulichukua nikanyamaza, nilikuwa na msiba. Hiki babu yako alimpa bibi yangu kwa mkono wake. Leo unamnyang'anya marehemu shukrani yake?"

Mwenyekiti anataka shahidi. Mama mdogo yuko njiani, kapanda bodaboda na macho yale yale. Masoudi kasema haondoki bila kisu. Sawa. Naandika hapa hapa kwenye benchi, kisu mapajani, ndani ya ala yake.

Mwenyekiti kasema nikiweke mezani kwanza, tumsubiri shahidi. Masoudi kasogeza kiti karibu na meza.

Siweki.