Mia Nne Iliyosomeka Mia Mbili

Athumani mdogo wangu,

Kazi ya kiwanda cha chai kule Nyamira nimeipoteza Jumatatu hii, wiki ya pili tangu uondoke. Nimeanza na hilo ili usiseme nililificha nyuma ya salamu. Hata hivyo, hujambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima. Hapa Kisii mvua kila alasiri, nguo hazikauki, na mimi situlii: nafungua duka, nafunga, nakwenda Nyakoe kutafuta kazi ya kufunga taa, narudi nimesahau nilichofuata.

Meneja aliingia na ripoti yetu ya kupima umeme wa kiwanda kwenye kikao cha wakurugenzi, akawaambia wanalipishwa stima mara mbili. Watu wa stima wakaja na kipimo chao, wakakifunga palepale tulipofunga chetu. Bili iko sawa. Yangu ndiyo nusu.

Meneja akaniita. "Madam, kwani hiki kiwanda kinaendeshwa na betri za redio?" Wakacheka wote, hata yule wa kupika chai. Kisha akafunga mlango. "Umenifanya mtoto mbele ya wazee."

Nikakiwasha kifaa mbele yake. Uwiano wa transfoma unasema mia mbili kwa tano. Mimi niliandika mia nne kwa tano, kama kibao cha kwenye kabati kinavyosema. Wewe ulisoma, mimi nikaandika.

Sasa kumbuka ile Alhamisi. Nilikuwa Nyakoe, ukanipigia: "Dada, mistari imelala chini kama wagonjwa." Nikakuambia ushushe masafa ya kipimo kutoka mia nne hadi mia mbili, ili mistari ya grafu inyanyuke. Ukajibu, "Tayari, inaonyesha mia mbili." Masafa ni ukubwa wa chombo cha kupimia tu, ukiyapunguza hesabu haiharibiki, mradi umeme usifurike. Lakini uwiano ndio unaokiambia kifaa zile ampea tano zinazokifikia ni ngapi kwenye waya mkubwa. Ukigusa uwiano, skrini nayo itaandika mia mbili, utadhani umefanya nilichosema, kumbe kila namba imekatwa nusu.

Nimeitazama grafu mpaka macho yanauma. Alhamisi mchana inashuka nusu. Lakini mchana huohuo walizima feni za kunyausha majani, kwa hiyo siwezi kuapa.

Kama ni wewe, nazidisha mara mbili kuanzia saa uliyogusa, natoa ripoti mpya, na meneja amekubali kuipokea Jumamosi, mwisho. Kama si wewe, basi kifaa kinajibadilisha chenyewe, na kila karatasi niliyowahi kumpa mteja haina maana. Itabidi nizunguke kwa wote, toka Nyacheki hadi Nyamarambe, nikiwaambia msiniamini. Kifaa hiki nilikinunua kwa kufunga taa za vyumba vya kupanga, chumba kwa chumba. Hakuna aliyenishika mkono.

Nikipiga simu hupokei. Nikiandika, unajibu "niko bize". Mama naye ananilaumu kwamba nilikufukuza. Nilikufukuza lini? Ulilala kitandani kwangu, mimi nikalala dukani juu ya mkeka. Hilo umemwambia?

Sikutafuti nikugombeze. Ningetaka kugombana ningempigia wifi, naye angekumaliza kabla yangu.

Barua hii nimempa dereva wa lori la ndizi linaloshuka Mombasa, mjomba wetu wa sokoni ataipokea na kukuletea Malindi, ukiwa mbele yake uifungue. Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua mguu inakuja na lori hilohilo. Msalimie wifi, mkeo, na shangazi aliyetulea.

Uligusa ukurasa wa uwiano, ndiyo au hapana? Kama ndiyo, saa ngapi? Nipigie kabla hujaingia msikitini Ijumaa. Usiniambie hukumbuki.

Dada yako,
Riziki